Mkufu wa Kidevuni

Mtaa wetu huu wa Columbia Heights umechimbuliwa wote. Wanapitisha treni chini ya ardhi, na mashine yao ikigonga mwamba jengo zima linatetemeka, toka saa mbili asubuhi mpaka wachimbaji wakae kula. Vikombe vinagongana, sijali. Lakini juu ya kabati la chumbani kwangu lipo kopo la bati, na ndani ya kopo ulikuwamo mkufu wa fedha, na mkufu ule ukitikisika ulitoa sauti nyembamba, kama mtu anayenyata na vikuku miguuni. Mimi ni mtu mzima. Nimezaa sita, nimezika wawili na baba yao. Sauti ile bado ilikuwa inanibana ukutani.

Ndiyo iliyomwita Zuhura, mjukuu wangu anayeolewa mwezi ujao. Alipanda kiti, akaliteremsha kopo, akalifungua kabla sijasema neno.

"Bibi! Hii nzuri sana! Kwa nini ulificha? Mimi nataka vaa siku ya harusi."

"Rudisha."

"Bibi, plizi."

"Nimesema rudisha."

Zuhura aliletwa Amerika akiwa na miaka mitatu. Kiswahili chake kinatembea, ila hakina magoti. Moyo anao. Alirudisha kopo akatoka. Sikumpa sababu. Sababu yenyewe nilikuwa sijampa mtu yeyote tangu nizaliwe. Nawapa ninyi wa rika langu, mliokulia pwani, mnaokumbuka baba zenu waliporudi kutoka vita ya Wazungu.

Baba yangu alichukuliwa nikiwa natambaa, akarudi nikiwa nimeng'oka meno mawili ya mbele. Hakuwa mpiga bunduki. Alikuwa kikosi cha wachukuzi, wakapelekwa Misri, kisha Falastini, kupakua magunia na kutengeneza barabara. Hayo nimeyajua ukubwani. Wakati ule niliona mtu mrefu mwenye buti anainama mlangoni petu Tanga, masikio yamemsimama kwa kukonda, na mama anasema, "Mwamkie baba yako." Nilijificha nyuma ya mtungi. Sikujua kwamba baba ni mtu. Nilidhani ni neno la kutishia watoto, kama zimwi.

Alikuja na begi na lile kopo. Alimpa mama akiwa amesimama, kama anayepeleka barua ya mtu mwingine. Mama akautoa mkufu. Ulikuwa mzito, vipete vyake vimesukwa vikabana kama ukili, una visarafu vyembamba vinavyoning'inia, na katikati, peke yake, sarafu moja kubwa kama mdomo wa kikombe cha kahawa. Kwenye sarafu ile alikuwepo mwanamke.

Mama alifanya walivyofanya wanawake wote wa kwetu. Aliigonga fedha juu ya jiwe asikilize, akaiuma, akaipaka majivu akaisugua kwa kidole gumba.

"Ni fedha," akasema. Hakutabasamu. "Nani kakupa?"

"Mama mmoja wa kulekule. Nilimpa mikate."

"Mikate!"

"Mikate na blanketi langu. Walikuwa na shida."

"We mwanamume we," mama akasema, "mwanamke haivui fedha ya mwilini mwake, akiwa hai, kwa ajili ya mikate."

Baba alitaka kucheka, akaacha. "Hukuwaona," alimjibu, akatoka kwenda kunawa miguu.

Sasa nitazameni mimi nyuma ya mtungi, mtoto wa meno mawili pungufu. Akili ya mtoto inafuata njia moja tu na haigeuki. Kwetu fedha ya mwanamke nilikuwa nimeiona ikivuliwa mara mbili: shangazi alipofiwa na mume akakaa eda, na bibi alipolazwa kuoshwa. Mama kasema haivuliwi na aliye hai. Basi mwenyewe kafa. Na kama kafa, baba aliitoaje?

Jibu nililipata baada ya siku chache. Mama alikwenda kisimani, nikalifungua kopo. Kwenye pete ya mwisho ya mkufu, upande mmoja, palikuwa na kishungi cha nywele. Nyekundu. Zimejinyonga kwenye pete, zimefungana fundo. Mnakumbuka vikongwe wa kwetu walivyokuwa, kichwa chekundu kwa hina. Nilijua mara moja: mama wa watu alikuwa mzee, alipaka hina, na baba alimnyakua mkufu kwa nguvu nywele zikang'oka nao.

Na uso wake nilikuwa nao. Cheti cha uaskari cha baba kilikuwa na picha ya baba, kwa hiyo nikaona ni kawaida ya huko ng'ambo, kila mtu hubeba sura yake kwenye vitu vyake. Yule wa kwenye sarafu ndiye mwenyewe. Mnene, mashavu yamejaa, kitambaa nyuma ya kichwa. Ametazama upande, kwa hiyo jicho lake lilionekana moja tu. La pili nilijua linamwangalia baba.

Tangu hapo sikula kilichotoka mkononi mwa baba. Aliniletea kashata, nikazitia chini ya mkeka zikaliwa na siafu. Akikohoa, nakimbilia nyuma ya mtungi. Alikuwa na mtindo wa kulala baada ya adhuhuri, na usingizini anapiga kelele kwa lugha nisiyoijua, mikono inasukuma hewa. Nilikaa uani na vidole masikioni nikijua anamsukuma nani. Akiamka ananiita kwa sauti ya chini, "Njoo, mama yangu, njoo," na hiyo ya chini ilinitisha kuliko kelele.

Kazi yake ilikuwa kushona makubadhi. Siku moja alinishika mguu akaukalisha juu ya goti lake, akatoa kamba ya katani, akaipitisha toka kisiginoni mpaka kidole gumba, akaikata. Kwetu anayepimwa kwa kamba ni maiti, ili wachimbao wajue urefu wa kaburi. Nilijikojolea juu ya goti lake. Aliifuta shuka yake, na baada ya siku mbili nikakuta makubadhi madogo mlangoni, yana ua limeshonwa juu. Sikuyavaa hata mara moja.

Mama naye mkufu hakuuvaa. Nilidhani anaogopa ninaloogopa mimi.

Akaja kuolewa Mwanaidi, binti wa nyumba ya tatu, mshona kofia hodari kuliko wakubwa wake. Mnajua biharusi wa zamani alivyopambwa: vya kwao, vya jirani, vya jirani wa jirani. Ukiombwa pambo la biharusi hunyimi. Somo wake Mwanaidi, kungwi aliyemfunda, akaja mwenyewe barazani.

"Bibiye, tumesikia mume kaja na fedha ya Kiarabu. Umeiweka ioze?"

"Haijazoea shingo," mama akasema.

"Shingo ya mwari haina mwiko. Tuazime, shoga, usitie gundi mkononi."

Mama akaleta kopo. Hatukujua hata panapovaliwa kitu kile. Mmoja akasema usoni, mwingine akasema kifuani, mwisho wakamfunga shingoni kwa utepe. Mwanaidi alikuwa amekalishwa kitandani, macho yamefungwa kama inavyotakiwa, mdomo umefungwa. Biharusi hatazami wala hasemi. Shingo inang'aa kwa mafuta ya asmini. Na mimi nimebanwa kati ya magoti ya wanawake naona kishungi chekundu kimelala palepale mshipa unapopiga. Tup, tup, tup. Nikajua yule mzee amekuja kuchukua shingo badala ya shingo.

Nilipiga ukelele vigelele vikakatika.

"Mvueni! Mvueni atakufa! Ni ya maiti! Baba kamuua mwenyewe, nywele zake hizo!"

Somo akainama akatazama. Akaona wekundu. Hakutazama mara ya pili; aliuvuta mkufu ukamchubua mwari, akautupa mkekani kama aliyeshika nge. Wanawake wakasogea ukutani. Mtu akasema, "Mtoto hasemi uongo." Wote wakamgeukia mama.

Neno moja la mama lingetosha. Angesema, mume wangu kanambia kapewa kwa mikate. Hakulisema. Aliokota mkufu, akautia koponi, akanishika mkono tukaondoka. Nilikuwa mwenyewe na watoto watatu ndipo nilipomwelewa. Mama hakuwahi kuogopa maiti. Aliamini lile pambo ni zawadi ya hawara. Kwake ilikuwa afadhali mtaa useme mumewe kaua, kuliko useme kapendwa.

Baba aliambiwa msikitini. Alirudi mchana wa jua kali, akachuchumaa mbele yangu. Nilingoja kisu.

"Umeona," aliniuliza, "au umeambiwa?"

"Nimeona."

"Haya," akasema. "Aliyeona kaona."

Hakuuomba mkufu autazame. Hakumgombeza mama. Lakini makubadhi yake yalikosa miguu mtaa mzima. Barazani akikaa, wenziwe wanakumbuka shughuli nyumbani. Mwezi haukwisha, akaenda mashamba ya mkonge, huko Korogwe. Alituma nguo, alituma unga. Mwenyewe hakurudi. Alizikwa na wageni, na kaburi lake mimi silijui. Na ninyi nisiwafiche: siku alipoondoka, mimi nililala usingizi mzuri.

Mama alipokufa kopo likawa langu. Kulitupa niliogopa, kuliuza niliogopa. Nimevuka nalo bahari kwa woga, nikalipandisha juu ya kabati.

Sasa Zuhura hakukata tamaa. "Bibi, mama wa chini, Umm Basim, ana picha ukutani. Kama hii. Kama hii *kabisa*."

Umm Basim, jirani wa ghorofa ya chini, tunaonana chumba cha kufulia nguo. Najua salamu zake na yeye anajua zangu. Najua ametoka Falastini, kijiji cha milimani. Miaka miwili tumekunja shuka pamoja, na miaka miwili sijamwuliza. Nilikaa siku tatu zaidi. Nilikuwa na hofu mbili na zote zilikuwa na meno. Kama baba aliua, nampa mjukuu wangu fedha ya damu avae siku ya nikaha, au nimnyime bila kumwambia. Na kama hakuua, mimi nilifanya nini?

Siku ya nne nikajifunga ushungi, nikamwambia Zuhura, "Beba kopo. Utanitafsiria Kizungu chake. Usiongeze lako."

Kabla sijakaa, nikaiona picha. Mwanamke mwembamba amesimama mbele ya ukuta wa mawe. Kichwani kofia ngumu, imepangwa sarafu kuzunguka uso kama magamba ya samaki, na toka sikio mpaka sikio, chini ya kidevu, unaning'inia mkufu. Wangu. Sarafu kubwa imelala chini ya koo. Umm Basim akanikalisha mwenyewe.

"Bibi yake," Zuhura akanambia. "Huyo kwenye picha ni bibi yake."

Umm Basim akafungua kopo, akacheka kwa furaha kama aliyeona mtu wa kwao kituoni. Hakutazama mbele ya mkufu. Aliugeuza nyuma, akapitisha kucha kwenye vipete, akaupima kwa kiganja, akagonga meno, kama mama. Akaanza kueleza haraka.

"Anasema hii si ya shingo, Bibi. Ya kidevu. Inakaa kwa kofia. Anasema hii ya kwao, ya mlima, si ya watu wa chini kusini, wale wanatengeneza ingine."

"Mwulize huyu mwanamke wa kwenye sarafu ni nani."

Umm Basim alicheka mpaka akajipiga paja. "Anasema huyo malkia wa Wazungu! Kafa zamani sana. Hiyo pesa ilikuwa kila mahali, kila mwanamke alikuwa naye."

Miaka hamsini nimemkimbia malkia. Sikucheka. Nikanyoosha kidole kwenye pete ya mwisho.

"Mwulize hizi nywele."

Umm Basim akavaa miwani. Akasogea dirishani. Chini mtaani mashine iligonga, vijiko vikalia kwenye sahani, na mimi nikasema moyoni, sasa. Alikigeuza kile kishungi, akakilainisha kwa mate, akakifungua kwa ncha ya sindano. Akaongea polepole, akimtazama Zuhura ahakikishe ameelewa.

"Bibi, anasema hii si nywele. Ni ile… ile ya kushona."

"Uzi?"

"Eeh. Uzi. Wa hariri. Anasema hii pete inashonwa kwa kofia. Na hapa, ona, mtu alikata na makasi. Hapa na hapa. Sawa sawa. Anasema kama mtu alivuta kwa nguvu, pete ingefunguka, na kitambaa kingekuja. Huyu mwanamke alikaa chini. Alitoa mwenyewe, pole pole, ile fundo akaiacha."

"Kwa nini atoe?"

Safari hii Umm Basim hakucheka. Alijibu akitazama picha.

"Anasema bibi yake alifanya hivyo hivyo. Njaa ikija, mwanamke anaanza na ya kidevu, kwa sababu bila hiyo uso bado unaonekana umevaa. Za kwenye paji anamaliza nazo mwisho. Anauliza, nani alileta hii kwenu?"

"Baba yangu."

"Anauliza alitoa nini."

"Mikate," nikasema. "Mikate na blanketi lake."

Umm Basim akaweka mkono kifuani, akaniambia maneno ambayo sikuhitaji mkalimani: Mungu amrehemu. Alikuwa mtu wa kwanza kumwombea baba yangu mbele yangu.

Kesho yake saa nne nilikwangua kadi ya simu, nikapiga Tanga, kwao ikiwa jioni. Wote waliokuwa chumbani siku ile wamekufa, isipokuwa mmoja. Mwanaidi anaishi kwa mwanawe mwenye simu. Macho yamekwenda, sauti bado ya kisichana.

"Da Mwanaidi, nimekupigia kwa neno la harusi yako."

"Harusi yangu! Una nafasi huko Amerika."

"Zile nywele, dada. Hazikuwa nywele. Ulikuwa uzi."

Laini ikavuma. Nilidhani imekatika.

"Mwanangu," akasema, "hilo nalijua."

"Unalijua tangu lini?"

"Tangu siku ile. Somo aliponivuta mkufu, nyuzi mbili zilinigandia shingoni kwa yale mafuta. Nikazitoa kwa vidole. Macho nimefumba. Mimi mshona kofia, nisiujue uzi wa hariri kwa vidole?"

"Na hukusema!"

"Biharusi husema?"

"Baadaye, Da Mwanaidi. Siku saba zilipokwisha."

"Zilipokwisha kila mtu alikuwa ameshasema. Wewe ulikuwa ndiye umeona. Na mimi niliogopa, mwanangu. Niliogopa kuwa mwari aliyefungua mdomo."

Sauti ya kadi ikaniambia kwa Kizungu kwamba imebaki dakika moja. Hatukuitumia. Tulikaa tukisikilizana tunavyohema, vikongwe wawili, mpaka ikakata.

Zuhura ataolewa amevaa mkufu ule, nao utakaa kidevuni panapostahili. Umm Basim anamshonea kofia, kwa uzi mwekundu mpya, na nimemkataza asilitoe lile fundo la zamani. Nimemwambia Zuhura habari yote, kama nilivyowaambia ninyi, na nimemwambia siku hiyo ya harusi macho asifumbe na mdomo asifunge. Mtu akisema uongo mbele yake, aseme, hata kwa Kiswahili chake kisicho magoti.

Kopo limebaki tupu juu ya kabati. Wachimbaji wanaendelea, jengo linatetemeka, na kopo sasa halitoi sauti. Ndipo nilipogundua kwamba ile sauti ilikuwa inanisaidia. Maana ikinyamaza nasikia nyingine, ya chini, inayoita mtoto aje apimwe viatu.